Alibonyeza 'Baadaye' miezi minane, mtihani ukagoma kufunguka

Saa moja asubuhi mama mmoja anavuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine ya kufulia ya hospitali. Anayatupia kwenye toroli na kulisukuma kwa goti, maana gurudumu moja halizunguki. Kwa siku, mashuka mia moja na arobaini hupita mikononi mwake. Wenzake wanamwita Mama Shuka, naye anaitika.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na moja, na mgongo umeanza kumsumbua. Ndiyo maana mwaka jana alijiandikisha kusomea uhudumu wa wodi kwa njia ya mtandao, kwa simu yake hiyohiyo.

"Nataka nimhudumie mgonjwa nikimwona uso," anasema.

Masomo yalikwenda vizuri. Ila kila wiki simu ilimtaka asasishe kivinjari, yaani ile programu anayofungulia kurasa za masomo. Vitufe vilikuwa viwili, Sasisha na Baadaye. Yeye alibonyeza Baadaye. Miezi minane.

Msimcheke. Pale wanapofulia, kila mgeni huambiwa siku ya kwanza kwamba mashine ikiwa inazunguka haiguswi. Aliyewahi kuigusa alijaza maji chumba kizima.

"Simu ilikuwa inafungua masomo," anasema. "Sasa niichokoe ya nini?"

Siku ya mtihani aliomba ruhusa, akaketi stoo juu ya marobota ya mashuka. Mtihani ulikuwa wa dakika sitini. Ukurasa ukaja mweupe, na mstari mmoja tu: kivinjari hiki ni cha zamani mno. Akampigia mwalimu wake.

"Mwalimu, mtihani wangu umefutwa."

"Haujafutwa, mama. Hicho kivinjari umekisasisha lini?"

"Mimi? Tangu ninunue simu sijagusa kitu."

"Basi gusa sasa hivi. Muda unakwenda."

Shoga yake, mpiga pasi, akachungulia mlangoni.

"Unalia au unajibu?"

"Nasubiri asilimia."

"Imefika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Ngoja nikuletee maji, shoga. Hapo utazeeka."

Kusasisha kulimeza dakika arobaini na moja. Katika muda uliobaki alijibu maswali kumi na tisa. Kufaulu kulitaka ishirini na manne.

"Na yote kumi na tisa nilipata," anasema, kisha anageukia mashine yake.

Ninyi wenye watoto wanaosoma kwa simu au kompyuta, nawaomba msingoje siku ya mtihani. Mtoto atawaambia iko sawa, na masomo yatafunguka kweli. Mtihani ndio utakaokataa. Ingieni leo kwenye mipangilio, mwangalie kama kuna toleo jipya, msasishe, kisha mfungue ukurasa wa majaribio ambao shule huweka kabla ya mtihani, mjionee kwa macho yenu.

Mama Shuka atarudia mtihani baada ya miezi minne. Ruhusa ameshaomba. Msimamizi alimuuliza mtihani wa dakika sitini unatakaje ruhusa ya siku nzima.

"Mtihani ni mchana, bosi," akamjibu. "Asubuhi nitakuwa nakagua simu."