Pokuaa Hakai Mbele ya Anti Konadu

Saa tatu kasorobo asubuhi, wenzake wakinywa uji wa mahindi uani, Pokuaa amesimama ndani ya stoo, mgongo ukutani, magoti ameyabana. Ana miaka minne. Mbele yake kuna poti la kijani. Mdomo wa poti umezungushiwa kitenge kikuukuu, na ndani umewekwa unga wa mbao.

Anti Konadu amekaa chini, amempa mtoto kisogo. Dakika kumi zinapita. Pokuaa anakigusa kitenge kwa kidole kimoja, halafu anaurudisha mkono haraka.

"Haya mama, twende ukanywe uji," Konadu anasema taratibu.

Nguo ya mtoto ni kavu. Poti nalo ni kavu.

Konadu Frema, miaka thelathini na minane, ni mlezi katika kituo kidogo cha watoto huko Bantama, mjini Kumasi. Watoto ni thelathini na mmoja, walezi wawili, mshahara sedi mia saba kwa mwezi. Kwa miaka kumi na moja kazi yake kubwa imekuwa kuwaachisha watoto nepi.

"Nilijiona fundi," anasema. "Mama akishindwa nyumbani anaambiwa, mpeleke kwa Konadu."

Pokuaa alipoletwa mwaka jana, alipiga mayowe kila akikalishwa kwenye poti. Aliziba masikio. Kengele ikilia alikimbilia chini ya meza.

"Niliyaona yote hayo," Konadu anasema. "Nikayaita kiburi."

Ndipo akafanya walichofanyiwa wengi waliokulia huko. Alimfunga Pokuaa shingoni nguo aliyoilowesha, akawapa watoto makopo wapige, wakamzungusha ua mzima wakiimba: "Mkeka umelowa, jogoo amewika, nani kamwaga mto?" Wimbo aliwafundisha mwenyewe.

"Mimi nilizungushwa nikiwa na miaka sita. Niliona aibu, nikaacha. Nikajua aibu ni dawa ya kila mtoto."

Pokuaa alijilaza chini, akaziba masikio. Tangu siku hiyo hakujilowesha tena kituoni, na watu wakampongeza Konadu. Siku ya sita tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama ubao. Mama yake, Serwaa, muuza viazi vikuu sokoni, alimkimbiza hospitali. Haja kubwa alikuwa ameibana siku zote hizo.

"Muuguzi akaniuliza, 'Mama, huyu mtoto mmemtisha na nini?'" Serwaa anakumbuka.

Ndipo wakaelezwa kwamba masikio na ngozi ya Pokuaa vinahisi kupita vya wenzake. Baridi ya plastiki inamuuma. Mlio wa mkojo ndani ya poti, kwake ni kishindo.

Kitenge na unga wa mbao ni akili ya Serwaa, na nyumbani vimefaa. Kituoni hii ni wiki ya saba, bado. Pokuaa hubana tangu asubuhi hadi mama yake afike saa tisa. Mkuu wa kituo ameshasema: asiyejisaidia hapa hapandi darasa muhula ujao. Zimebaki wiki tatu.

Mansa, mlezi mwenzake, humtania. "Dada, hilo poti umelivalisha kuliko bibi harusi. Bado mahari tu!"

Serwaa naye akija kumchukua mwanawe husema, "Kwangu anakaa kama malkia, Anti. Mpaka ananifukuza nimpishe."

Konadu anacheka. Kicheko hakikai.

"Ule wimbo nimewakataza," anasema. "Lakini jana nimewasikia wakiuimba wakiruka kamba. Hawakumwimbia yeye, wanacheza tu. Yeye alikuwa chini ya meza. Sasa nitautoaje vinywani mwa watoto thelathini?"

Wiki hii ameamua jambo. Kuanzia Jumatatu, Mansa ndiye atakayeingia na Pokuaa stoo, na Serwaa atachelewa sokoni siku mbili ili amkabidhi Mansa mtoto kwa mkono wake. Konadu atawapeleka wengine uwanjani, mbali, kuwe kimya.

"Poti halimtishi tena, nyumbani si anakaa? Anayemtisha ni mimi," anasema, akikunja nguo za watoto. "Akikaa, Mansa asiniite nije kuona. Aje tu aniambie."