Jani la Isale na Reli Zilizolika

Bado naikumbuka asubuhi ile ya msimu wa kahawa, mwanangu. Babu yako alipaka rangi ya bluu kwenye bamba lake la chuma lililonyooka, akalisugua juu ya reli za mashine ya kukereza vyuma, zile njia ambazo kisu hupitia. Rangi ikashika miishoni tu, palipoinuka. Katikati, panapofanya kazi kila siku, reli zilikuwa zimelika.

"Kumbe ndiyo maana shafti ya Mzee Ndesario ilitoka nene huku, nyembamba kule," alisema.

Mzee Ndesario, jirani yetu hapa Machame, alikuwa akiilaumu mashine yake ya kumenya kahawa kwa kukwamakwama, na buni mbivu zinachacha. Hakujua kosa ni la shafti tuliyomkerezea sisi.

Mimi na ujana wangu nikaona nimepata dawa. "Baba, si hajui? Piga msasa reli zing'ae, umkerezee nyingine kimyakimya."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Msasa utang'arisha bonde tu, hautaliondoa. Halafu asiyejua ni yeye. Mimi najua."

Akakata jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akaenda kuomba radhi. Mzee Ndesario alifoka, "Kahawa yangu inaoza, wewe unaniletea jani!" Lakini isale haikataliwi. Akalipokea, akaingia ndani bila kuaga.

Baba akaanza kukwangua reli. Anapaka rangi, anasugua, anakwangua palipopata rangi tu, anarudia. Bonde halijazwi, mwanangu, huteremshwa palipoinuka. Mikono ilimvimba, na mimi nilimwonea huruma kweli. Siku moja Mzee Ndesario akaingia bila hodi, akashika upande wa pili wa bamba. Rangi ilipokuja kuenea reli nzima, wazee wale walikuwa wameanza tena kutaniana, na shafti mpya ikatoka sawasawa.

Mashine hiyo sasa ni yako, na reli zimeanza kulika tena. Juzi nimekusikia ukisema mteja hataona kasoro. Hataona, sawa, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Usikiamini king'aacho kabla hujakipaka rangi. Ukigundua umemharibia mtu, mwambie wewe kabla hajaambiwa na shafti. Muungwana ni kitendo.

Nenda kakwangue, mwanangu, masale yapo palepale mpakani. Mungu akupe mikono isiyochoka, na majirani wa kuingia kwako bila hodi.