Nne Nukta Mbili ya Zuhura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka hata nikiwa juu ya mswala. Nilikuwa kijana wa cherehani pale Gongo la Mboto, mjuaji wa kila jambo kama nyie mlivyo sasa, usinune. Mama yetu alikuwa kitandani wiki ya tatu, figo zimemchosha, na kitu pekee alichokuwa anakiulizia ni matokeo ya mwisho ya mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa chuo, akikaa hosteli za Mabibo. Mama mwenyewe hakusoma. Alikuwa akisema akisikia tu Zuhura kafaulu, roho yake itatulia.

Adhuhuri ile ukaingia ujumbe kwenye simu yangu: "Kaka shikamoo. Matokeo tayari, GPA 4.2. Mwambie mama."

Mimi elimu yangu iliishia kidato cha nne, kwa divisheni foo, yaani daraja la nne, la chini. Kwetu shuleni A ilikuwa pointi moja, na pointi zikiwa chache ndiyo sifa. Divisheni wani walibebwa juu juu, sisi wa foo tulirudi nyumbani kimya kimya. Nikaiona ile nne, damu ikanichemka. Miaka yote ile chuoni, anakuja kupata foo kama yangu! Tena anataka nimwambie mama, hana hata haya. Akapiga simu, nikakata. Akapiga tena, nikaizima kabisa.

Nikaingia chumbani na hasira zangu. "Mama, Zuhura kafeli."

Mama akasema, "Mwambie asilie. Mwambie mie sina kinyongo naye." Akageukia ukutani. Kabla ya alasiri alikuwa ameshafariki.

Zuhura alikuta turubai limeshafungwa mbele ya nyumba. Tukazika kesho yake, tukakaa matanga, na siku ya tatu, watu walipopungua, akaja kukaa karibu yangu jamvini.

"Kaka, mama ulimwambia? Alifurahi?"

"Afurahi nini, na foo yako ile?"

Hakugomba. Alitafuta kalamu na kipande cha karatasi, akanieleza taratibu, kama mwalimu wa chekechea, kwamba chuoni hesabu imegeuka: A ni pointi tano, B plasi nne, B tatu, na kila somo lina uniti zake, yaani uzito wake.

"Tuseme somo la uniti tatu nimepata A. Tatu mara tano, kumi na tano. La uniti mbili nimepata B. Mbili mara tatu, sita. Jumla ishirini na moja, na uniti zote ni tano. Haya, gawa."

Kugawa najua, ndiyo kazi ya fundi cherehani. Ikatoka nne nukta mbili.

"Hiyo ndiyo GPA, kaka, na juu kabisa ni tano. Kidogo tu ningepata daraja la kwanza."

Akaniuliza mama alisemaje. Nikamwambia, neno kwa neno. Hapo ndipo alipolia. Nilitamani ardhi inimeze, mwanangu, wallahi.

Zuhura alinisamehe zamani, na mpaka leo hajaacha kuniamkia. Lakini mama aliondoka amemsamehe asiye na kosa. Mimi mwenye kosa sikuwahi kumwomba.

Basi sikiliza. Ukiletewa namba usiyoijua, uliza kwanza inahesabiwa kwa ngapi, na kama sifa iko juu au iko chini. Ukiwa chuo, somo lenye uniti nyingi lipe jasho zaidi, maana ndilo litakalokubeba au kukuangusha. Na wewe unayetuma matokeo nyumbani usitume namba tupu, sema "nimefaulu" kwa maneno, tusiosoma tukuelewe. Ila kubwa kuliko yote ni hili: ndugu yako akikupigia ukiwa na hasira, pokea. Kuuliza kungenichukua dakika moja, na mama alikuwa bado anasikia.

Mwenyezi Mungu akujaalie ufaulu, mwanangu, na akubakishie wazazi wako wazima, wausikie kwa masikio yao. Amin.