Msafisha Ndege Aliyekatazwa Kukaa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Abiria wa mwisho anashuka ngazi huku ameshika kiuno, na mama mmoja mfupi mwenye ovaroli ya bluu ameshaingia ndegeni kwa mlango wa nyuma. Anafika safu ya mwisho. Hafagii. Anakaa.

Anakilaza kiti, anashusha meza, anawasha taa ya kusomea. Anafunga mkanda, anaufungua, kisha anahamia kiti cha pili.

"Abiria, safari ya wapi leo?" mwenzake anamtania kutoka chooni.

"Kiti cha pili, shoga. Njia bado ndefu!"

Wenzake wote humwita Abiria. Cha ajabu, kwa miaka kumi na minne ya kusafisha ndege, hajawahi kuruka hata mara moja.

Miaka mitatu iliyopita binti yake wa pekee alipata kazi ya uuguzi ng'ambo, akasafiri saa kumi na tatu. Alipotua tu, akapiga simu. Kiti kiligoma kulala, taa imekufa, meza imebandikwa kwa utepe wa gundi, na maji yalimdondokea begani njia nzima.

"Akaniuliza, 'Mama, si ndizo ndege mnazosafisha nyinyi?' Jamani! Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Kile kiti, arobaini na moja C, nilikifuta kwa mikono yangu asubuhi ile ile. Kilikuwa kinang'aa!"

Kung'aa ndiko kulikotakiwa. Wasafishaji walipigwa marufuku kukalia viti vya abiria. Ubovu uliandikwa na wahudumu wa ndege, ambao baada ya saa kumi na tatu angani hawataki kingine ila kitanda. Basi kiti kibovu kilipaa na kutua, kikapaa tena, na hakuna aliyejali.

Abiria akanunua daftari la shule. Akaanza kukaa kiti kwa kiti, akiandika namba, tarehe na kasoro. Msimamizi akamfuma.

"Mama, kama umechoka, nenda kapumzike kwako," alimwambia.

Alipumzishwa siku kumi na tisa. Barua aliyopewa haikumung'unya maneno: akikaa tena, amemwaga unga. Na nyumbani kuna mama yake mzazi anayemtegemea kwa kila kidonge.

"Niliogopa, nisikudanganye. Ila nikimkumbuka mwanangu na lile bega lililolowa, hasira inanipanda."

Siku aliyorudi kazini, alimsimamisha mkuu wa mafundi mlangoni mwa ndege, msimamizi akiwa palepale. Akamkabidhi daftari.

"Nikamwambia, 'Baba, usisome. Kaa.'"

Mkuu wa mafundi akakaa arobaini na moja C. Akabonyeza kitufe. Kiti kikagoma. Akabonyeza tena. Tone la maji likatua katikati ya upara wake.

"Sikucheka," Abiria anaapa, kisha anacheka mpaka anajifuta machozi.

Siku hiyo bosi huyo alikalia viti vyote mia tatu na kumi na viwili. Vibovu vilikuwa ishirini na sita, na vyote vilikuwemo daftarini.

"Kompyuta yangu ilisema ndege ni nzima," anakiri. "Mama huyu alikuwa sahihi, sisi wote tulikosea. Nilimwomba radhi mbele ya watu."

Barua ilichanwa. Sasa kila msafishaji lazima akae, na abiria hawapandi ngazi zile kabla mama huyu hajatia saini. Hata msimamizi anakaa, tena kwa bidii. "Juzi kaniuliza, 'Mama, hapa nimekaa vizuri?' Nikamwambia, rudia!"

Mwezi ujao binti yake anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza, na Abiria ataruka kwenda kumhudumia. Kampuni ilitaka kumkalisha mbele, kwenye viti vya wakubwa. Amekataa katakata. Ameomba arobaini na moja C.

"Nikitua tu, nampigia simu kama alivyonipigia yeye. Nitamwambia, mwanangu, nimekikalia saa kumi na tatu, na bega langu kavu. Ukishajifungua, mlete mjukuu wangu nyumbani kwa ndege hii hii."