Mitamba Sita na Mkono wa Alio

"Mchungaji wangu haondoki mikono mitupu! Kila mwaka mtamba mmoja, na alama ya baba yake namchoma mimi mwenyewe, kwa mkono huu!"

Hayo aliyasema Alio, tajiri wa ng'ombe wa Kotile, siku ya Idd, kwa maikrofoni ya kukodi, mbele ya watu waliojaza midomo pilau yake. Akaweka kilemba sawa, akatoa chuma motoni, akamchoma mtamba pajani mistari miwili, alama ya kina Dekow, mchungaji wake. Bintiye Nasteho alikuwa akirekodi kwa simu. Ukarimu wa Alio haukuwahi kutoka nje bila kamera.

Mwaka wa sita Dekow akaaga. Amepata mchumba Garissa, na mahari haijilipi. Kwa desturi, mchungaji akiondoka huondoka na mitamba wake, basi. Hakuna mkataba wala muhuri. Alama iliyo pajani ndiyo karatasi. Ila ukame ulikuwa umelifagia zizi la Alio, na waliobaki na nyama mwilini ni wale sita wa Dekow.

"Adeer, ami yangu, nakuaga kwa heri," Dekow akasema.

"Nenda, mwanangu, nenda na baraka," Alio akajibu, kampa na mkono.

Baraka zilitangulia kwa simu, hadi kituo cha polisi. Dekow kuingia Garissa na mitamba wake tu, pingu. Wizi wa mifugo. Kosa la kumzeesha kijana gerezani, harusi aisikie redioni.

Muslimo, mkewe Alio, alishika kichwa. "Baba Nasteho, una wazimu? Alama si ulichoma mwenyewe?"

"Hakimu ni Mmeru," Alio akacheka. "Huyo anajua ng'ombe wa kwao, wale wa kufugiwa bandani kama kuku. Alama zetu atazisomea wapi?"

Kituoni, afisa aliuliza swali dogo: ng'ombe hawa ni wa nani?

Alio akajipiga kifua. "Wangu, afande! Wallahi, wote sita wangu!"

"Vizuri. Hao ni ushahidi, na sisi hatuna malisho. Wewe mwenyewe utawalisha hapa mjini mpaka kesi iishe. Mmoja akifa au akikonda, utajibu."

Mtu mwingine angekohoa, akakumbuka kwamba labda amekosea. Alio alitia sahihi. Miezi minne mizima, nje ya mji hapakuwa na jani la kumdanganyia mbuzi, na tajiri wa Kotile akawa anasukuma mkokoteni wa nyasi za kununua, kilemba kimejaa makapi. Waliomwona walimpa salamu ndefu makusudi, wamcheleweshe juani.

Siku ya kesi, hakimu Gacheri alimgeukia Dekow, aliyekuwa amesimama kizimbani bila wakili. "Una swali kwa mlalamishi?"

"Moja, Mheshimiwa. Adeer, onyesha mahakama alama ya ng'ombe wako."

Alio akachora duara hewani. "Hii, Mheshimiwa. Tangu babu yangu."

Gacheri akafunga faili, akatoka hadi uani walikoletwa mitamba kama ushahidi, watu nyuma yake. Mitamba walikuwa wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Paja la kwanza, mistari miwili. La pili, mistari miwili. Mpaka la sita. Mmeru alikuwa anajua kuhesabu.

"Amechoma yeye!" Alio akapayuka. "Amefuta yangu!"

Dekow akamwomba karani simu yake iliyokuwa imeshikiliwa. Video alikuwa nayo. Nani Kotile hakuwa nayo? Alio alikuwa ameituma mwenyewe kwa kila kundi la WhatsApp, hata la mazishi. Sauti ikajaa uani: "...mimi mwenyewe, kwa mkono huu!"

"Mkono upi, mzee?" Gacheri akauliza.

Alio akauficha mfukoni.

Dekow aliachiliwa saa hiyo hiyo, akaswaga mitamba wake sita, na ndama mmoja aliyezaliwa kwa gharama ya adui. Langoni akasimama kwa adabu zote.

"Adeer, Mungu akuzidishie. Mimi nisingeweza kuwanenepesha hivi."

Walikula marobota matatu kwa siku, siku mia moja na ishirini na moja. Robota la nyasi Garissa ni shilingi mia nne.