Supu ya Evdokia

Evdokia alishika mwiko akiwa bado msichana wa shule, kwa sababu mama yake aliugua mgongo na jikoni mwa mgahawa wao hapakuwa na mtu mwingine. Baba yake, Prodromos, alimwambia ni msimu huo tu, mpaka watalii waondoke Kavala, mji wetu wa bandari hapa Ugiriki. Watalii wakaondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Mama akafariki. Evdokia alikuwa bado mbele ya jiko lile lile, nywele zikiingia mvi.

Nayajua haya kwa kuwa nimehudumia meza za mgahawa ule karibu umri wangu wote. Kaka yake, Savvas, alikwenda Ujerumani akaoa huko huko. Fundi mmoja wa mashua alimposa Evdokia, akataka wahamie Australia. Evdokia alimwomba asubiri mzee apate mpishi. Yule bwana alisubiri, akachoka, akaondoka peke yake.

Kila asubuhi mzee alishuka kutoka chumba chake cha ghorofani, akavuta kiti, akapewa kijiko cha supu ya samaki. Siku zote alisema kuna kilichopungua: chumvi, ndimu, au muda motoni. Hata alipopatwa na kiharusi aliendelea kushuka akijikongoja, na maneno yakawa yale yale. Evdokia aliitikia, akarudisha sufuria jikoni, na nilimwona haongezi kitu.

Kiangazi kilichopita, katikati ya joto na wageni, alichoka hadi akatia chumvi mara mbili. Nilionja nikatema. Kabla hatujaimwaga, mzee alikuwa ameshachota.

"Chumvi haijafika," akasema.

Evdokia alimtazama. "Baba, unasikia ladha kweli?"

Mzee aliweka kijiko chini. "Tangu niugue, sisikii chochote. Mkate na sabuni kwangu ni mamoja."

"Sasa kila siku unanisumbua ya nini?"

"Ningekaa huko juu nitazame ukuta? Hapa angalau unaniitikia."

"Na kabla hujaugua? Mbona hata siku moja haikuwa sawa?"

Alijibu akiwa ameinamia mkono wake uliopooza. "Ilikuwa sawa, binti yangu. Ilikuwa nzuri kuliko ya mama yako. Niliogopa ukijua, utaondoka."

Nilidhani Evdokia atalia au atamfokea. Alibeba sufuria, akamwaga supu yote, akaniambia niwaarifu wageni kwamba leo supu hakuna. Kisha akaanza kuisugua ile sufuria. Baadaye alinieleza kwamba tangu utotoni alikuwa akingoja kusikia maneno yale, na yalipokuja alichosikia ni miguu inavyomuuma.

Kijiko cha asubuhi kilikoma. Mzee bado hushuka; huwekewa bakuli la maharage yenye maganda, akayamenya kwa mkono ule mzima, polepole, na hakuna anayemharakisha. Siku ya Jumatatu mgahawa hufungwa. Wateja wa zamani walinung'unika, Evdokia akafunga vivyo hivyo.

Jumatatu hizo huenda kwenye mgahawa wa washindani wetu, upande wa pili wa bandari, na wakati mwingine hunichukua. Niliwahi kumuuliza kama wanapika vizuri.

"Samaki wanamchemsha mpaka anavurugika," alisema, akijikatia mkate. "Lakini mimi nimekaa, nimeletewa."

Alikula yote. Kahawa ilipofika alikuwa ameegemea ukuta, amesinzia. Nikamwashiria mhudumu asimwamshe.