Mama Tepu Hafuti Mtu

Kompyuta ya Mama Tepu ilipoanza kukataa kuhifadhi kazi, mwanawe wa kwanza alikuwa na dawa ya neno moja.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Mama, humu mna wateja uliowakusanya kwa miaka kumi na tisa. Wengine wameshahama, wengine wameshakufa. Anza na waliokufa, hawatakuja kulalamika."

Mama Tepu alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu ya utepe wa kupimia usiotoka shingoni mwake, hata akienda kununua chumvi. Wateja wake walikuwa watu ambao nguo za dukani huwakataa: mwenye bega moja lililoshuka, mwenye mguu mfupi, mama aliyeondolewa titi hospitalini, kijana mwenye kibiongo. Wengi walikuja mara ya kwanza wakitazama chini, na yeye aliwaahidi jambo moja: kwake mtu huvua nguo na kupimwa mara moja tu maishani. Baada ya hapo alichora kiolezo cha karatasi, akakipitisha kwenye skana kipande kwa kipande, akaongeza na video ya mteja akitembea na kuinua mikono, ili ajue nguo itavuta wapi. Mteja akinenepa au akikonda, fundi alirekebisha kiolezo kilekile. Kumfuta mtu kwenye kompyuta ile kulikuwa sawa na kumvua nguo mara ya pili.

"Waliokufa pia siwafuti," alisema. "Yule mzee wa bega ana binti. Bega ni lilelile."

"Basi weka kila kitu mtandaoni."

"Kwenye ghala la mtu nisiyemjua? Walinivulia mimi, hawakuvulia dunia."

"Basi nunua kompyuta nyingine, Mama, tupumzike!"

"Hii haiumwi, imeshiba tu. Mtu akishiba humchimbii kaburi. Inataka diski kubwa zaidi, na diski nitaichagua mwenyewe."

Siku iliyofuata alifungua kifuniko cha kompyuta, akachomoa diski ya zamani, akailaza juu ya karatasi. Akaizungushia penseli ukingoni, akatia alama kwenye matundu ya skrubu, kisha akakata kwa mkasi. Kiolezo kikaingia kwenye pochi, naye akashika njia.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa chumba chembamba chenye kaunta ya kioo, na nyuma yake alisimama muuzaji mnene mwenye uso wa bashasha.

"Karibu, mama yangu. Hukuja na kijana wa kukusaidia?"

"Wa nini? Aje kunishika mkono nivuke kaunta?"

Muuzaji akacheka, akamletea diski nyembamba kama biskuti. "Hii ni terabaiti moja, mama. Kasi yake ni moto! Inakimbia kama upepo."

"Mimi sikimbii, baba. Nataka inayobeba. Yangu ni nusu terabaiti na imejaa pomoni. Hiyo yako itashiba kabla sijazeeka vizuri."

Muuzaji akaleta ya terabaiti nane, pande la chuma kama tofali. Mama Tepu akaweka kiolezo juu yake, na diski ikamwagika pande zote. "Hapana." Ikaja ya terabaiti nne. Kiolezo kikaikaa kama kola shingoni, ukingo kwa ukingo, tundu kwa tundu.

"Hii."

"Lakini hiyo ina kitambi kidogo, mama."

Mama Tepu akamtazama kuanzia kifuani kushuka chini. "Hata wewe unacho, na mlangoni umepita."

Muuzaji alicheka hadi akasahau alichotaka kusema, akaifunga diski kwenye karatasi.

Nyumbani, diski ikagoma. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mfuko mwembamba wa chuma wa kuipokea, nayo ikasimama mlangoni mwa mfuko kama mgeni asiyealikwa. Mama Tepu akaisukuma, akaigeuza, akaisukuma tena. Ndipo alipoelewa. Alikuwa amepima urefu na upana, na unene hakuugusa. Mikono yake ilikuwa imezoea kitambaa, na kitambaa hakina unene wa kumsumbua fundi.

Mwanawe alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, umeipima kama sketi! Irudishe, chukua ile nyembamba, kisha tupunguze watu. Umejitahidi, hakuna wa kukulaumu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma.

"Nguo ikimbana mteja, mimi humkata mteja?"

"Hapana, Mama, lakini..."

"Hapo hapo. Usiongeze."

Alichukua karatasi nyingine na kupima upya, mara hii pande zote tatu, kisha akabeba kifuniko cha kompyuta, diski na mchoro wake hadi kwa fundi bati wa mtaa wa pili. Fundi bati aligeuza mchoro juu chini.

"Mama, unataka nitoboe dirisha ubavuni, halafu nijenge kiboksi kwa nje?"

"Chenye matundu ya hewa. Na diski uishikize kwa skrubu nne, isicheze."

"Itakuwa na kibiongo hii."

"Nimeshonea migongo migumu kuliko huo. Kata."

Akakata. Jumamosi asubuhi Mama Tepu alirudisha kifuniko mahali pake, akaunganisha diski mbili kwa waya, ya zamani na mpya, kazi ya kunakili ikaanza. Mwanawe alivuta kiti akae, akisubiri ishindwe. Hadi alasiri alikuwa bado anasubiri. Mstari wa kijani ulipofika mwisho, mama yake alimwamuru asome idadi kwa sauti.

"Ya zamani, watu mia nne na kumi na mbili," akasoma. Akasogeza kidole upande wa pili wa skrini. "Mpya, mia nne na kumi na mbili."

"Nafasi je?"

"Iliyobaki ni mara saba ya iliyotumika." Akaikagua kompyuta kwa jicho la pembeni. "Lakini Mama, wageni wakiiona watacheka."

"Waambie wasogee karibu, wacheke vizuri."

Jumatatu alikuja mteja mpya, dereva wa lori aliyekatwa mkono juu ya kiwiko. Alikuwa amezungushwa wiki mbili, maana kompyuta haikuwa na pa kumweka. Alisimama kizingitini akiikodolea macho ile nundu ya bati.

"Fundi, hii nayo imepatwa na nini?"

"Imepata nguo ya kipimo chake," alijibu Mama Tepu, akivuta utepe shingoni. "Ingia, kaka. Funga mlango, vua shati."

Dereva akaingia.